Nani Atanisemea

Zainabu alizaliwa kiziwi, na alipofika umri wa miaka kumi watu wa jengo lao la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, walikuwa wameshazoea kumwona akiongozana na dada yake Riziki popote alipokwenda. Kwa muuza mikate, kwa fundi cherehani, kwa daktari wa meno, Zainabu alisema kwa mikono na Riziki akasema kwa mdomo. Muuza mikate, mzee mmoja Mhindi wa Kerala, alimwangalia Riziki usoni lakini alicheka na Zainabu, maana masihara yote yalikuwa ya Zainabu.

Lugha yao hawakuitoa kitabuni. Kituo alichokwenda Zainabu asubuhi kilimfundisha ishara za Kiarabu, lakini zile za nyumbani zilikuwa zimeanza kabla, jikoni, yeye akiwa bado anatambaa. Mama yao alizianzisha akiwa na Riziki. Chai ilikuwa kidole kikizunguka juu ya ngumi. Baba ilikuwa mikono miwili imeshika usukani. Mama alipofariki kwa maradhi ya moyo, Zainabu akiwa na miaka sita, Riziki aliiendeleza lugha hiyo peke yake, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuiendeleza. Kila Zainabu alipojua jambo jipya, walikaa kitako wakalitafutia ishara.

Baba yao, Haji, alikuwa dereva wa kampuni moja huko West Bay. Alipeleka mameneja ofisini asubuhi, akawarudisha majumbani kwao jioni. Alikuwa Mzanzibari mpole, mwenye mikono minene na sauti nzuri, na alipopiga simu nyumbani Unguja vicheko vyake vilisikika hadi kwenye lifti. Kwa Zainabu alikuwa na ishara chache tu: njoo, kula, lala, vizuri. Zaidi ya hapo alimgeukia binti yake mkubwa.

"Riziki, anasemaje?"

"Riziki, mwambie avae viatu."

Kumpenda mtoto wake alimpenda, hilo halikuwa na shaka. Alimletea maembe yaliyoiva, alimpangusa uso kwa kanga ya marehemu mama yake, alimbusu kipajini kila anapotoka. Lakini kuzungumza naye alimwachia Riziki.

Riziki alipokuwa darasa la mwisho la sekondari, mwishoni mwa mwaka 2013, Mwalimu Herbert aliwaita yeye na Jebet baada ya kipindi. Mwalimu Herbert alikuwa Mkenya, akifundisha Kiingereza. Jebet naye alikuwa Mkenya, binti wa muuguzi aliyeishi Al Mansoura, na tangu walipokutana darasani yeye na Riziki hawakuwahi kuachana kwenye matokeo: Jebet juu kwenye fizikia, Riziki juu kwenye historia, na katikati wakipokezana.

"Kuna chuo kimoja kidogo huko Marekani," mwalimu alisema. "Si chuo cha kumtoa mtu mhandisi au mhasibu moja kwa moja. Huko unasoma falsafa, hesabu, mashairi, baiolojia, vyote pamoja, kisha ndipo unachagua pa kuzama. Kila mwaka wanatoa ufadhili kamili kwa mwanafunzi mmoja kutoka nchi hizi za Ghuba. Kila kitu juu yao. Nawataka nyote wawili mwombe."

"Mmoja tu?" Jebet aliuliza.

"Mmoja tu."

Wasichana wakatazamana, wakaanza kucheka, kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine.

Waliombwa waandike insha juu ya kitu walichokitengeneza wenyewe. Jebet aliandika kuhusu kifaa cha kuchuja maji alichokijenga kwenye roshani yao. Riziki alikaa siku nyingi bila neno, akidhani hajawahi kutengeneza chochote. Kisha jioni moja Zainabu alimvuta mkono na kumwonyesha ishara mpya aliyoibuni kwa ajili ya vumbi la jangwani, lile linaloingia hata madirisha yakiwa yamefungwa: vidole vikitembea polepole chini ya mlango. Riziki akacheka, kisha akakimbilia kompyuta. Aliandika juu ya lugha yenye wasemaji wawili.

Nyumbani hakusema kitu. Aliona ni kujipa matumaini bure. Lakini mwezi wa pili barua pepe iliingia ikisema amefika hatua ya mwisho pamoja na wengine watano, Jebet akiwemo, na kwamba maprofesa watakuja Doha kuwahoji katika hoteli moja West Bay. Hapo alilazimika kusema.

Walikuwa wamekaa mkekani wanakula. Haji aliacha tonge njiani.

"Marekani?" akasema. "Wewe? Bila ya kulipa?"

"Bado sijapata, baba. Tumo sita."

"Sita! Na wewe ni mmoja!" Akainuka na mkono wake mchafu wa wali, akaketi tena, akacheka, macho yakamlowa. "Laiti mama yako angelikuwapo."

Zainabu alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwengine. Akagonga sahani kwa kijiko, kama alivyofanya akiona anaachwa nje ya mazungumzo. Riziki akamweleza kwa mikono: skuli kubwa, ndege, mbali, miaka, huenda.

Zainabu aliweka kijiko chini. Kisha akanyoosha kidole kwenye mdomo wake mwenyewe, akakitoa nje, akafungua viganja vyote viwili vikiwa vitupu.

Nani atanisemea?

"Anasemaje?" Haji akauliza kwa furaha.

Riziki akajibu, "Anasema hongera."

"Mashaallah!" Haji akambusu Zainabu kipajini. Mtoto alimwangalia dada yake, akaona kwamba maneno yake hayakufika, akaendelea kula.

Kwa wiki nzima Riziki hakuweza kujiandaa. Akifungua kitabu aliviona vile viganja vitupu. Nani angekwenda na Zainabu kwa daktari? Akiumwa, angemwambia nani ni wapi? Akiota ndoto mbaya? Akianza kukua na kuingia siku zake, angemuuliza nani? Aliandika barua pepe ya kujitoa kwenye mashindano, akaihifadhi bila kuituma, na siku iliyofuata akamwambia Jebet wakiwa wanasubiri basi la skuli.

Alidhani Jebet angefurahi kidogo, hata kama angeficha. Jebet alikasirika.

"Wewe, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii wewe. Nina mdogo wangu."

"Najua uko na mdogo wako, hata mimi nampenda Zainabu. Lakini umeongea na babako? Umemuuliza?"

"Baba hajui ishara."

"Basi ajifunze! Ni mtoto wake." Jebet alishusha begi chini. "Sikia, Riziki. Hii kitu naitaka mpaka silali. Lakini sitaki unipatie kama zawadi. Nataka nikushinde. Nikushinde vizuri kabisa, halafu nikuhurumie."

Riziki akacheka bila kutaka. Basi likaja. Hakuituma ile barua pepe, lakini pia hakuifuta.

Ijumaa ya wiki hiyo alitoka sokoni mchana, akakuta viatu vya baba yake mlangoni. Kwa kawaida baada ya sala ya Ijumaa Haji alikwenda kwa Wazanzibari wenzake kunywa kahawa na kubishana mpira. Ndani palikuwa kimya, ila kulikuwa na kicheko cha Zainabu, kile cha kooni, ambacho yeye mwenyewe hakujua kuwa kina sauti.

Walikuwa wamekaa mkekani uso kwa uso. Haji alikuwa amevua kofia na kukunja mikono ya kanzu. Alikuwa anajaribu kusema "kesho nitakupeleka baharini," na Zainabu alikuwa anamshika vidole kimoja kimoja na kuvipanga, kwa ukali wa mwalimu mkuu. Haji akarudia. Akakosea. Zainabu akampiga kofi dogo mkononi na kuanguka chali kwa kicheko.

"Nimesema nini?" Haji akamuuliza Riziki, bila hata kumsalimu.

"Umesema kesho utampika baharini."

"Astaghfirullah." Akacheka hadi akakohoa. Kisha akamwashiria Zainabu amletee maji, na mtoto akaenda, kwa sababu ishara ile alikuwa ameipata sawasawa.

Riziki alikaa chini na mifuko yake. "Umeanza lini, baba?"

"Tangu siku ile ya wali." Haji alipangusa macho. "Umeniambia kasema hongera. Mimi si mjuzi, lakini nina macho. Mtu akikupongeza hakuoneshi mikono mitupu. Nikakaa nalo jambo lile. Siku ya pili, wewe uko skuli, nikamuita nikamfanyia vilevile alivyofanya. Nikagusa mdomo, nikatoa, nikafungua mikono. Akalia, Riziki. Akalia na huku ananikumbatia, maana ameona nimemuuliza."

Riziki alisogeza mifuko yake kando.

"Kwa nini ulinificha?"

"Sikutaka uone huzuni wakati umefurahi."

"Mimi baba yake," Haji alisema taratibu. "Huzuni yake ni yangu vilevile." Akageuza mikono yake na kuitazama. "Nikwambie kitu. Nilikuwa naona haya. Mama yenu alipokuwa hai nilisema ah, wanawake wana mambo yao jikoni. Alipokufa, nikajaribu siku moja pale benki, Zainabu kaniuliza kitu, nami nikawa napunga mikono, watu wote wananitazama, na sikuwa najua ninalolisema. Tokea hapo nikakuachia wewe. Ukawa na miaka kumi na nne unabeba mzigo wangu, na mimi nasema alhamdulillahi, nina binti hodari."

"Haikuwa mzigo, baba."

"Haikuwa mzigo kwa sababu unampenda. Lakini ilikuwa kazi yangu." Zainabu akarudi na maji. Haji akanywa, akamshukuru kwa mkono, kisha akamwambia Riziki, "Nimeomba wanibadilishie zamu. Jioni nitakuwa nyumbani. Na wewe nenda ukahojiwe. Ukikosa, umekosa kwa haki. Usikose kwa sababu yangu."

Jioni hiyo Riziki aliifuta ile barua pepe.

Siku ya mahojiano Haji aliwapeleka wote wawili, Riziki na Jebet, kwa gari ya rafiki yake. Zainabu alikaa mbele na kumsemesha baba yake njia nzima, na Haji akawa anasema kwa sauti, "Naendesha, mwanangu, naendesha," huku akijibu kwa mkono mmoja kwenye taa nyekundu. Jebet alikuwa amevaa blauzi ya mama yake. Kwenye lifti ya hoteli alimshika Riziki mkono, na mikono ya wote wawili ilikuwa ya baridi.

Riziki aliitwa wa nne. Nyuma ya meza palikuwa na profesa mmoja mwanamke mwenye mvi, na kijana aliyewahi kusoma chuoni hapo. Walianza na historia, wakamuuliza kitabu gani kilimkera na kwa nini, wakabishana naye, naye akabishana. Kisha profesa akaichukua insha yake.

"Hii lugha yenu," akasema. "Mkikosana juu ya ishara, wewe unataka hivi, mdogo wako anataka vile, nani anaamua?"

Riziki hakuhitaji kufikiri. "Yeye. Kila mara ni yeye."

"Kwa nini? Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nina lugha nyingine za kwenda kukaa. Yeye hiyo ndiyo nyumba yake. Siwezi kupanga samani kwenye nyumba ya mtu."

Kijana aliandika kitu. Profesa akaiweka insha mezani.

"Umewahi kumtafsiri vibaya? Kwa makusudi?"

Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hili halikuwamo. Angeweza kusema hapana.

"Ndiyo. Mwezi uliopita. Nilipopata barua yenu, aliuliza nani atamsemea nikiondoka. Baba aliponiuliza amesema nini, nikasema amesema hongera."

Kijana aliacha kuandika.

"Na sasa hivi?" profesa akauliza. "Swali lake limejibiwa?"

"Baba anajifunza. Lugha yetu ina wasemaji watatu." Akatabasamu. "Wa tatu anaongea vibaya sana. Lakini anaongea."

Alipotoka hakujua kama amefanya vyema. Jebet aliingia baada yake, akakaa muda mrefu, akatoka ametoa jasho na kusema wamemkalia kooni kuhusu kichujio chake. Chini, Haji na Zainabu walikuwa wamekaa kwenye viti vya ngozi vya mapokezi, wakibishana kwa mikono juu ya jambo fulani, na wafanyakazi wa hoteli walikuwa wanawatazama. Haji hakuwaona hata kidogo.

Jibu lilikuja mwezi wa nne, Riziki akiwa maktaba. Alisoma mstari wa kwanza, akafunga kompyuta, akaifungua tena. Amepata. Alitafuta kwa macho mtu wa kumwambia, na mtu aliyekuwa mbele yake, na simu yenye jibu lake mwenyewe mkononi, na uso umebadilika, alikuwa Jebet.

"Ni wewe," Jebet alisema.

"Jebet..."

"Ngoja kwanza." Akainua mkono. Alikusanya vitabu vyake akaondoka.

Hakuja skuli siku iliyofuata, wala ile ya pili. Riziki alimpigia, simu ikaita tu. Siku ya tatu Jebet alibisha hodi Fereej Bin Mahmoud na sufuria ya mahamri ya mama yake, macho yamevimba.

"Bado nimekasirika," alisema mlangoni. "Nitakasirika hata wiki ijayo. Lakini ulinishinda vizuri, na mimi ndiye nilikuambia usijitoe, kwa hivyo hii ni kosa yangu kidogo. Kula."

Wakala, wakalia, wakacheka. Mwaka huohuo Jebet aliingia chuo kikuu Nairobi kusomea uhandisi wa maji. Walibaki marafiki, ingawa ilichukua muda kabla hawajaweza kuzungumzia chuo bila mmoja wao kubadilisha mada.

Zainabu alikuwa mgumu zaidi. Alipoelewa kwamba "huenda" imekuwa "ndiyo," alitumia silaha aliyokuwa nayo: alifumba macho. Riziki akianza kuinua mikono, Zainabu anafumba. Hakuna namna ya kumsemesha mtoto kiziwi aliyefumba macho. Alipita chumbani, akala, akaoga, na kila dada yake alipomkaribia kope zilishuka. Ikawa hivyo siku kadhaa, na Riziki akahisi kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa kutosikilizwa.

Mwisho alimkuta amejilaza kitandani mchana, macho yamefumbwa kwa nguvu ingawa hakulala. Riziki alilala nyuma yake, akachukua kiganja chake, akaanza kufanya ishara ndani ya kiganja hicho, kwa kugusa. Kwanza ya chai. Kisha ya baba. Kisha ya mama. Mkono ulikuwa mgumu kama ubao. Akaendelea: vumbi chini ya mlango. Kidole cha Zainabu kikatikisika. Riziki akamwambia kwa vidole vyake: Nasikitika. Naogopa. Nitakuja. Sikuachi.

Zainabu aligeuka akafumbua macho.

Unaogopa nini? akauliza.

Huko hakuna mtu anayejua lugha yetu, Riziki akajibu. Nitakuwa mimi kiziwi.

Zainabu alilifikiria hilo kwa uzito mkubwa. Kisha akampangusa dada yake machozi kwa upande wa kanga, namna baba alivyokuwa akimpangusa yeye, na akamwambia awafundishe hao watu.

Riziki aliondoka mwezi wa nane. Kwenye uwanja mpya wa ndege, Haji alimshikilia kwa muda mrefu na kumnong'oneza dua sikioni, kisha akashindwa kumaliza. Alirudi nyuma hatua moja, akainua mikono yake minene, na hapo katikati ya umati, mbele ya polisi na masanduku na familia za watu, akasema kwa ishara yote yaliyomkwama kooni. Alikosea mbili tatu. Zainabu alimrekebisha palepale, na Haji akaanza upya kutoka mwanzo.

Wiki za mwanzo huko Marekani Riziki alichoka hadi mifupa. Alisoma falsafa na hesabu, alipotea kwenye korido, alikula vitu asivyovijua. Jumapili ya kwanza ambayo Skype ilikubali kukaa bila kukatika, uso wa Zainabu ulijaza kioo chote, kisha ukarudi nyuma, na Haji akaonekana kando yake. Walimweleza habari za kituo, za muuza mikate, za paka aliyeingia kwenye lifti. Haji alisema sentensi nzima bila kusahihishwa.

Katikati ya hadithi ya paka Zainabu akafanya ishara moja ya haraka, kiganja kikigeuka mara mbili begani, na Haji akacheka na kuirudia.

Riziki alisogea karibu na kioo. Hakuijua. Aliwaomba warudie, wakarudia, bado hakuijua. Moyo ulimchoma kidogo, na papo hapo akajikuta anatabasamu.

Ni nini hiyo? akauliza kwa mikono.

Zainabu alimtazama baba yake, na baba akamtazama Zainabu, wakashauriana kwa siri chini ya meza, mahali kamera haikufika. Kisha Zainabu akajiweka sawa kitini, akakunja mikono ya gauni lake, na kuanza kumfundisha.